Kabla ufunge kamba, uliza magurudumu gani yanavuta

Najua hii itaudhi wasee wengine lakini wacha niseme. Ile kamba mnabeba kwa buti, eti ikikwama tutavutwa, kwa gari nyingi tunazoendesha hapa Nairobi si msaada.

Hii maneno imenikaa kichwani tangu nianze kuangalia video za Wamarekani wanaozunguka na nyumba za magurudumu. Ni kama basi zima, kitanda na jikoni ndani. Ukishaegesha hiyo kitu hutaki kuing'oa tena juu ya maziwa, kwa hivyo wengi huvuta gari ndogo nyuma. Na jinsi ya kuivuta wanabishana kweli kweli. Wengine huiacha magurudumu yote manne chini, ikiunganishwa kwa chuma kigumu. Wengine hupandisha ya mbele kwa kigari cha magurudumu mawili, na wengine hupakia gari yote kwa trela, ambayo ni nzito na pia inataka pa kuegeshwa. Magurudumu manne chini ndiyo rahisi, lakini si kila gari inakubali. Jeep Wrangler inapendwa hapo kwa sababu unaweza kukata kabisa mawasiliano kati ya magurudumu na giaboksi. Kuna watu huko huchagua gari kwa kusoma kwanza ukurasa wa kuvutwa. Sisi tunaamua kwa dakika mbili kando ya Thika Road, na anayeamua ni mwenye kamba.

Shida iko hivi. Giaboksi ya auto inalainishwa na oili inayosukumwa na pampu, na pampu inazungushwa na injini. Injini ikizima, pampu imelala. Ukiburuta gari na magurudumu yanayovuta yako chini, vyuma vya ndani vinazunguka bila oili ya kutosha. Kuweka nutro hakubadilishi hiyo. Ubaya ni kwamba huenda usisikie chochote siku hiyo. Unafika gereji ukishukuru Mungu, baadaye gia zinaanza kuteleza, na unamlaumu fundi wa watu.

Kwa hivyo gari ndogo nyingi kama Vitz na Demio, zinazovuta kwa mbele, ziinuliwe mbele, hendibreki iwe chini. Four-wheel kama Forester, magurudumu yote juu ya lori. Aqua nayo ni haibridi, ukiburuta magurudumu ya mbele mota inazunguka na kuzalisha umeme, kwa hivyo usithubutu. Gari ya gia za mkono ndiyo inavumilia kamba, pole pole, safari fupi. Hata hapo, ukikanyaga breki mara chache injini ikiwa imezima, pedali inakuwa ngumu kama jiwe, usukani nao ni mzito. Na ukitoa ufunguo usukani unaweza kujifunga. Hapo wewe uko mita chache tu nyuma ya mtu anayeweza kusimama ghafla.

Mwezi uliopita four-wheel ya binamu yangu ilizima karibu na Roysambu. Dere wa matatu akasimama mwenyewe, akatoa kamba, hata bob hakutaka. "Kijana, ingia nikuvute hadi Githurai." Huo utu ndio unafanya nipende hii town, na kuukataa ni ngumu kuliko kukataa pesa. Nikamwambia asante sana mkubwa, lakini hii haivutwi hivyo. Binamu aliniangalia ni kama nimerukwa. Tukangoja masaa mawili, bredauni ikaitisha elfu saba, akaninunia mpaka gereji. Giaboksi ya mtumba pale Kirinyaga Road haiuzwi elfu saba, na bado hujalipa fundi.

Wiki hii, toa kitabu cha gari. Najua kimeandikwa Kijapani, lakini picha zinaeleweka, na simu yako inaweza kutafsiri. Kama uko na bima kubwa, isome, nyingi hulipia kuvutwa hadi kiasi fulani na watu hawajui. Halafu weka namba ya bredauni yenye lori la kubeba gari nzima.

Kamba ya binamu tulipeleka shags. Saa hii imefunga ng'ombe.