Kabla ya Mombasa, zunguka Lanet

Wasee wa Lanet, wacheni kuniambia huku hakuna pahali pa kwenda. Tunangoja doo ya Mombasa tukapige picha Fort Jesus, na Hyrax Hill iko hapo tu ukielekea tauni, hatujawahi kuipanda.

Jumamosi nilizunguka kwa miguu. Nilitoka Lanet, nikafuata ukingo wa barabara ya Nairobi mpaka kilimani, nikarudi kwa njia za ndani za Free Area. Mfukoni nilikuwa na pesa ya kiingilio na chapo mbili. Kule juu Mary Leakey alianza kuchimba 1937, akapata makaburi ya watu wa kale. Lakini mimi kilichonimaliza ni bao: mashimo yamechongwa kwa mwamba wenyewe! Mtu alikaa hapo akicheza na beste yake, pengine akiiba kete pia. Ukiwa kileleni unaona Ziwa Nakuru, na zamani sana maji yake yalifika hadi chini ya kilima.

Kilichonitisha ni barabara. Malori yanapita karibu hadi kofia inataka kuruka, na boda anakuja upande wako akikupigia honi wewe. Tulifanywa jiji Desemba 2021, sawa, hata mimi nilishangilia. Lakini jiji gani mtu wa miguu anatembelea mtaroni? Mamangu hupita hapo kila asubuhi akienda kazi, na yeye hatafuti picha.

Jumapili nazunguka tena, na hiyo sehemu nitairekodi yote. Ukikuja, vaa viatu vya kamba.