Mahame ya Hashima na Ndwele Isiyotajwa

Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii hutolewa upesi kila inapozuka habari ya dhuluma za kale. Lakini je, ndwele isiyotajwa hupona? Swali hili laulizwa na Hashima, kisiwa kidogo karibu na mji wa Nagasaki nchini Japani.

Kisiwa chenyewe kina urefu wa mita 480 hivi na upana wa mita 160. Mwaka wa 1890 kampuni ya Mitsubishi ilikinunua ili kuchimba makaa ya mawe yaliyolala chini ya bahari. Ardhi ilikuwa haba, kwa hivyo makao yalijengwa kwenda juu. Mwaka wa 1916 likasimamishwa jengo la zege la ghorofa saba. Kuta za kuzuia mawimbi pamoja na maghorofa hayo zilikifanya kionekane kwa mbali kama meli ya kivita, ndipo kikapewa lakabu ya Gunkanjima, yaani Kisiwa cha Manowari. Kufikia mwaka wa 1959 kilikuwa na wakazi 5,259, wakiwa na shule, hospitali, maduka na sinema yao. Hatimaye mafuta yaliyapiku makaa ya mawe. Mgodi ulifungwa Januari 1974, na kufikia Aprili kisiwa kilikuwa kitupu.

Tangu mwaka wa 2009 wageni wameruhusiwa kukizuru. Hata hivyo, hupita tu katika njia iliyotengwa, mbali na majengo yanayoweza kuporomoka wakati wowote. Wanayaona madirisha yasiyo na vioo na kuta zilizoliwa na chumvi. Wasichokiona ni mashimo ya chini, na ndiko iliko nusu ya pili ya historia.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wakorea ambao nchi yao ilikuwa ikitawaliwa na Japani, pamoja na mateka wa Kichina, walitumikishwa kwa nguvu mgodini humo. Julai 2015, Hashima ilipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na maeneo mengine ya viwanda vya kale, serikali ya Japani ilikiri kwamba Wakorea wengi na watu wengine waliletwa bila hiari na kufanyizwa kazi katika hali ngumu. Iliahidi pia kituo cha kuwakumbuka. Kituo kilifunguliwa Tokyo mwaka wa 2020, lakini Julai 2021 Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza masikitiko yake makubwa kwamba ahadi haikuwa imetimizwa kikamilifu. Miongoni mwa yaliyowekwa humo ni ushuhuda wa waliokuwa wakazi, wanaosema kuwa ubaguzi haukuwako.

Wapo watakaouliza: je, wakazi hao ni waongo? La hasha! Mtoto aliyecheza juu ya paa mnamo 1959 anaikumbuka furaha yake, na ana haki ya kuisimulia. Kosa ni kumfanya mtoto huyo awe shahidi wa kijana aliyeteremshwa shimoni mwaka wa 1944. Furaha ya mmoja haifuti machozi ya mwingine.

Mwanafunzi wa Kiswahili ana mizani ya kulipimia jambo hili. Neno mahame limetokana na kitenzi hama, na anayehama hufunga virago vyake mwenyewe. Wakazi wa 1974 walihama. Wakorea wa miaka ya vita hawakuhamia Hashima, waliletwa. Tofauti baina ya vitenzi hivi viwili ndiyo tofauti baina ya historia kamili na historia nusu. Anayeliita eneo hilo fahari ya viwanda kisha akanyamaza, ameiondoa kauli ya kutendwa katika sarufi ya kisiwa hicho.

Hashima inabomoka mwaka baada ya mwaka, na mashahidi wa vita nao wanapukutika. Haitoshi kuziegemeza kuta ilhali majina ya waliotumikishwa yanaachwa yazame. Ukweli huo na uandikwe kisiwani penyewe, mahali ambapo mgeni anakanyaga. Mganga hawezi kuyaganga yajayo kabla ya kuambiwa mgonjwa aliugua nini. Wahenga hao hao ndio walioonya: mficha maradhi, kifo humuumbua.