Jiwe Lililosaga Kimya

Wapo walimu wanaofundisha kwamba chakula na ngoma ndani ya hadithi ni mapambo tu: yarukwe, dhamira zitafutwe. Nasema bila kumung'unya maneno kwamba hilo ni kosa. Nalijua kwa sababu nililitenda mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita niliwapa watoto wa darasa la saba insha: watunge hadithi ya huzuni. Binti mmoja akatunga juu ya mama ambaye kila alfajiri husaga mtama huku akiimba. Siku ya tatu baada ya kumzika mwanawe alisaga tena, lakini jiwe likasikika peke yake. Jioni akapakua mlenda katika mabakuli matatu, akalitazama la tatu, akalirudisha jikoni. Hadithi ikaishia hapo.

Nami, nikiwa na majivuno ya chuo cha ualimu, nikaandika kwa wino mwekundu: "Huzuni iko wapi? Umeeleza kazi za jikoni." Nikampa alama 6 kati ya 20. Insha zake zilizofuata zilijaa "alilia sana" na "alisikitika mno", nami nikazisifu!

Hapa Kinyangiri mke aliyekasirika hatoi hotuba. Ugali huletwa umepoa, na mume akaelewa. Jirani akikataa kunawa mikono, ugomvi umekwisha kutangazwa. Kwa nini basi tunataka watu wa vitabuni wahutubie?

Mtazame Lawino wa Okot p'Bitek wa Uganda, katika utungo uliotoka mwaka 1966. Ni shairi, lakini linasimulia ndoa inayovunjika. Ocol anamdharau mkewe kwa kutojua kucheza dansi ya Kizungu wala kupika Kizungu. Lawino anajibu kwa kusifu ngoma za Waacholi na jiwe la kusagia la mama yake. Ondoa ngoma na jiko, utabaki na ugomvi gani?

Najua nitajibiwa kwamba waandishi wengine hujaza kurasa kwa pilau na ngoma zisizo na kazi. Ni kweli, orodha ya vyakula si hadithi. Lakini dawa si kuruka. Dawa ni kuuliza: nani kapika, nani kapakuliwa, nani kakataa, nani kaacha kuimba?

Binti yule sasa ni mtu mzima. Akisoma ukurasa huu, ajue kwamba insha yake nimeisahihisha upya. Aliyekosea alikuwa msahihishaji.