Mtu Mzima Anakimbia, Kuna Nini?

Natumaini mahindi yako yamekauka vizuri na dumuzi hawajayaona. Mwezi huu naacha mahindi. Nataka kukueleza kwa nini mimi, bwana shamba wa miaka 46, nakimbia barabarani asubuhi.

Siku ya kwanza nilikimbia katika kijiji kimoja cha Rungwe. Watu walitoka nje. Mama mmoja alitua ndoo yake chini. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani alisimama, akaniita kwa sauti, "Bwana shamba, nani amefariki?"

Nikasimama. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sema basi. Msiba uko wapi?"

Nikamwambia hakuna msiba, nafanya mazoezi tu. Akanitazama kuanzia raba mpaka kichwani. Akasema, "Kama huna kazi, njoo unisaidie kuchuma chai." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, maana pumzi ya kujibu sikuwa nayo.

Mzee yule simlaumu. Katika vijiji vyetu, mtu mzima akikimbia, ama amefiwa, ama anafukuza mwizi, ama mwizi ni yeye.

Sasa sikiliza ilikuwaje hata nikafika hapo.

Nilipoanza kazi nilikuwa na baiskeli, Phoenix ya kutoka China, yenye keria pana nyuma. Penye tambarare niliipanda. Penye mlima niliisukuma. Na wewe unayeishi Rungwe unajua kwamba tambarare huko ni chache. Mwaka 2022 Serikali iligawa pikipiki kwa maafisa ugani, nami nikapata moja. Pikipiki ni chombo kizuri, siisemi vibaya. Kijiji nilichokuwa nakifikia kwa saa mbili, nilianza kukifikia kwa nusu saa. Lakini baiskeli niliitundika ukutani. Nikaanza kwenda hata dukani kwa pikipiki, na duka liko hatua 200 tu kutoka nyumbani kwangu. Mkanda wa suruali niliutoboa tundu jipya kwa msumari. Baada ya miezi michache nikatoboa jingine.

Wakati huo ninaye rafiki yangu, bwana mifugo, tuliyesoma naye chuoni. Asubuhi moja alianguka bafuni. Ilikuwa kiharusi. Upande wake wa kulia ulikufa ganzi, na ulimi ukawa mzito. Leo anakula kwa mkono wa kushoto. Mkewe ndiye anayemfunga vifungo vya shati. Ana miaka 47, na siku ile alipoanguka hakuwa amepima presha hata mara moja katika maisha yake.

Nilipotoka kumwona, sikwenda nyumbani. Nilikwenda zahanati. Mganga akanifunga mpira mkononi, akapima: 160 kwa 100. Akanieleza kwamba presha ya mtu mzima huhesabiwa kuwa juu inapofika 140 kwa 90 au kupita hapo, ikipimwa siku zaidi ya moja. Nikarudi siku nyingine mbili. Ilikuwa vile vile. Nilikuwa sisikii maumivu yoyote, ndugu msomaji. Kichwa hakikuniuma. Presha ya juu inaweza kukaa na mtu miaka mingi bila kupiga hodi.

Mganga akanipa vidonge. Akaniambia nipunguze chumvi, na niutumie mwili wangu. Nikashusha baiskeli ukutani.

Najua unavyosema moyoni. Unasema, "Mimi nalima kutwa, nikimbie tena kwa nini?" Una haki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea haraka, kupanda baiskeli au kazi nyingine ya kutoa jasho. Mama anayelima, anayechota maji mtoni na kubeba kuni mgongoni au kichwani, amezimaliza dakika hizo kabla ya Jumatano. Huyo simwambii akimbie. Mumewe ndiye ninayemwambia ambebee ndoo.

Nasema na wengine. Nasema na mwenye duka, mwalimu, mtendaji wa kijiji na fundi cherehani. Nasema na kijana wa bodaboda anayekaa kwenye kiti cha pikipiki tangu alfajiri mpaka usiku. Nasema na wewe mkulima ambaye jembe unalishika tangu Novemba hadi Aprili, kisha ukishavuna unahamia kilabuni saa nne asubuhi mpaka mvua nyingine. Miezi hiyo ya Juni, Julai na Agosti ni baridi huku kwetu, na baridi ndiyo nzuri kwa kukimbia.

Mwanzo wangu ulikuwa mgumu. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vingi vya Rungwe viko katika miinuko. Juu huko hewa ni nyepesi, pumzi inakwisha upesi. Kwa hiyo nilitumia nguzo za umeme. Nilikimbia nguzo moja, nikatembea nguzo mbili. Wiki ya tatu nikakimbia mbili, nikatembea mbili. Sasa nakimbia kilomita nne bila kusimama, ila mahali pa kuamkia watu. Na hapo lazima usimame! Ukimpita mzee mbio bila kumwamkia, mazoezi yako yatakuletea ugomvi. Kwa Wanyakyusa nasema "Mugonile". Nikiwa Iringa nasema "Kamwene".

Watoto wa shule hunifuata nyuma wakiniita Simbu. Alphonce Simbu ni Mtanzania mwenzetu aliyeshinda marathoni ya ubingwa wa dunia mjini Tokyo, Septemba 2025. Mbio hizo ni kilomita 42 na zaidi kidogo. Mzee wa chai yeye huniita Bayi. Anakumbuka Filbert Bayi alivyovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand, Februari 1974, na watu walivyoizungumza habari ile. Basi nina majina mawili makubwa na kilomita nne tu.

Siku za Jumamosi napanda baiskeli. Na hapa nataka kukueleza jambo ambalo sikulitarajia. Ukipita kijiji kwa pikipiki, unaona barabara. Ukipita kwa baiskeli, unaona kijiji. Kuna njia moja ya vumbi niliyoipita kwa pikipiki labda mara mia. Siku niliyoipita kwa baiskeli, nikiwa nasukuma mlimani, niliona kando yake shamba la parachichi. Majani ya miti kadhaa yalikuwa madogo, ya njano, na matawi ya juu yamekauka. Nikaegesha baiskeli nikabisha hodi. Bibi mwenye shamba alidhani ni ukame, akawa anaizidishia maji kila jioni. Tulichimba kidogo penye shina. Udongo umelowa chapachapa, na mizizi midogo ni myeusi, inakatika kama uzi uliooza. Ule ni ugonjwa wa kuoza mizizi, nao hupenda maji yanayotuama. Maji yake ya jioni ndiyo yaliyokuwa yanaiua. Tulichimba mifereji ya kutoa maji, na bibi akaacha kumwagilia. Miti minne tuliing'oa. Mingine imetoa majani mapya. Nilikuwa nimepita hapo mara mia, nikikimbilia mkutano wa kuzungumzia parachichi!

Likizo iliyopita nilikwenda kwetu Iringa. Mpwa wangu yuko darasa la sita. Nikamuuliza, "Umefika Kalenga?" Akajibu, "Hapana, mjomba. Nimesoma kitabuni." Kalenga iko kama kilomita 15 tu kutoka Iringa mjini. Tukaazima baiskeli ya pili kwa jirani, tukaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tumebeba viazi vya kuchemsha na maji.

Kalenga ndipo palipokuwa makao ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Wajerumani waliivunja ngome yake Oktoba 1894. Mkwawa hakushikwa. Alipigana porini mpaka mwaka 1898, akajiua alipozingirwa. Fuvu la kichwa chake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na limo katika makumbusho pale pale Kalenga. Mtoto alisimama mbele yake kimya kwa muda mrefu. Njiani kurudi aliuliza maswali mpaka tukafika mjini. Mengine nilishindwa kuyajibu.

Siku nyingine tulikwenda Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini kwa njia ya Mbeya. Hapo kuna zana za mawe za watu wa kale sana, na korongo lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji. Wageni hupiga picha. Mimi niliona mmomonyoko. Maji yale yale yanayochonga nguzo nzuri Isimila, ndiyo yanayochukua udongo wako ukilima kufuata mteremko.

Lakini njia ile ya Isimila ilinitia hofu. Ni barabara kuu, yenye malori ya kwenda Zambia. Lori likikupita karibu, upepo wake unakuyumbisha. Kwa hiyo nakuomba: ikiwa ipo njia ya vumbi, ifuate hata kama ni ndefu. Kwenye lami, mwenye baiskeli aende upande wa kushoto, pembeni kabisa. Mwenye miguu aende upande wa kulia, ayaone magari yanayokuja. Giza likiingia, shuka au uwe na taa. Na kabla ya mteremko wowote, shika breki zote mbili uzijaribu. Milima yetu haimsubiri mtu kwenda kwa fundi.

Kiti cha baiskeli kiinue kiasi kwamba mguu ukiwa chini kwenye pedeli, goti linakunja kidogo tu. Kiti kikiwa chini mno, magoti yatakuuma, nawe utasema baiskeli ni mbaya. Kina mama, funga kanga isiingie kwenye mnyororo. Na kina baba, baiskeli ikilala ndani siku nzima, mwacheni mama au binti aipande. Nimesikia wanaosema mwanamke kupanda baiskeli ni aibu. Sijasikia wakisema kubeba gunia kichwani kilomita sita ni aibu.

Ukiwa na zaidi ya miaka 40, au ukiwa na kisukari, au kwenu kuna ugonjwa wa moyo, pima kwanza zahanati. Kifua kikibana au kizunguzungu kikikushika njiani, simama, kaa chini, uite mtu. Vidonge vya presha usiviache kwa sababu umeanza kukimbia. Mimi bado navimeza. Mganga amenipunguzia kimoja. Presha yangu sasa ni 134 kwa 84. Matundu ya mkanda nimeyarudia mawili.

Jumapili napanda baiskeli kwenda kwa rafiki yangu bwana mifugo. Ananisubiri kwenye kiti, ameshika fimbo. Tunatembea pamoja kutoka mlangoni hadi kwenye mti wa parachichi, hatua 30, tunapumzika, kisha tunarudi. Mwezi Machi tulikuwa tunaishia kwenye kizingiti. Jumapili iliyopita, tulipofika mtini, alinionyesha kwa fimbo lango la jirani.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya dumuzi.