Mafuta Yatokayo Katika Mwani

Askari yeyote aliyepata kusindikiza malori ya mafuta anajua kwamba lori la petroli ni windo la kwanza la adui. Katika vita vya Afghanistan Wamarekani walipoteza askari njiani, wakilinda misafara ya mafuta na maji. Nasi tusio na bandari tulionja shida ya namna nyingine mwezi Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipokatiza safari za barabara na reli nchini Kenya, petroli ikaadimika Uganda na Rwanda.

Kwa sababu hiyo hatuwezi kuipuuza kazi iliyotangazwa Desemba 2013 na maabara ya serikali ya Marekani iliyoko Richland, jimbo la Washington. Wataalamu huko walichukua mwani, yaani ukoga wa kijani uoteao majini, wakausukuma ukiwa mbichi ndani ya mabomba yenye joto la digrii 350 za sentigredi na shinikizo lipatalo mara 200 ya lile la hewa. Maji yaliyobanwa hivyo hayageuki mvuke. Huwa makali hata kuuvunjavunja mwani, na kwa muda usiotimia saa moja hutoka mafuta ghafi. Ardhi hufanya kazi hiyo kwa mamilioni ya miaka! Ubora wa njia hii ni kwamba mwani haukaushwi kwanza, maana kuukausha hula nishati nyingi mno.

Hata hivyo, askari asilewe habari tamu. Mwezi Julai 2012 jeshi la majini la Marekani liliendesha meli na ndege karibu na Hawaii kwa mafuta ya kawaida yaliyochanganywa nusu kwa nusu na yale ya mwani na ya kupikia yaliyokwisha tumika. (Hayo yalitengenezwa kwa njia nyingine.) Mitambo haikulalamika, lakini kabla ya kuchanganywa galoni moja iligharimu dola zipatazo 26. Na mwaka 2023 ilijulikana kuwa kampuni ya Exxon, iliyoanza utafiti wa mwani mwaka 2009, imeuacha.

Basi hatusemi vikosi vyetu vinunue mitambo hiyo leo. Twasema vyuo vikuu vyetu vipewe fedha za kuijaribu, kwani mwani hauhitaji njia ya kwenda pwani. Kwa sasa mafuta ya doria yataendelea kuja kwa malori yale yale, na wanaoyasindikiza wanastahili magari mazima na posho isiyocheleweshwa.