Lugha haiishi kwa katiba pekee: Funzo la kijiji cha Gaoth Dobhair

Wakenya wengi wa rika langu, na zaidi wale waliotutangulia, waliwafahamu Waayalandi kwanza kupitia kwa mapadri na masista. Masista wa Loreto walifika hapa nchini kutoka Ayalandi mwaka 1921, na baada yao wakaja wamisheni wengine wengi, wakafungua shule na zahanati hata katika nyika za Turkana. Watu hao walitufunza Kiingereza kwa bidii kubwa. Jambo ambalo ni nadra walitueleza ni kwamba Kiingereza hicho hakikuwa lugha ya mababu zao. Wao pia walikuwa wana wa taifa lililopokonywa ulimi wake, na baadhi ya nyanya zao waliadhibiwa shuleni kwa kosa la kunena kama mama zao.

Ndiyo sababu kila mwaka, ninapofika katika somo la lugha na jamii, huwapeleka wanafunzi wangu kwa mawazo hadi Gaoth Dobhair. Ni kijiji kikubwa katika kaunti ya Donegal, kaskazini-magharibi mwa Ayalandi, mkabala na bahari ya Atlantiki. Waingereza waliliandika jina lake Gweedore. Katika lugha ya wenyeji, gaoth hapa ni hori la bahari, na dobhar ni neno la kale lenye maana ya maji. Lakini gaoth ni pia neno la kawaida la upepo, na asiyejua hudhani kwamba kijiji kilipewa jina kwa sababu ya dhoruba zake. Ama tahajia ya Kiingereza, hiyo haina hori wala upepo. Ni sauti tupu.

Msomaji asitarajie kijiji chenye uwanja katikati na nyumba zilizouzunguka. Nyumba za Gaoth Dobhair zimetawanyika kandokando ya barabara za pwani kwa kilomita nyingi, kupitia An Bun Beag na Doirí Beaga, hata mgeni hawezi kujua mtaa mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Nyuma yake umesimama mlima Errigal wenye kimo cha mita 751, mweupe na mchongoko kama pia iliyopinduliwa. Ardhi ni mawe na kinamasi. Kwa karne nyingi wenyeji wamekata udongo wa kinamasi hicho kama matofali, wakauanika na kuufanya kuni. Mwani wa baharini ndio uliokuwa mbolea ya viazi vyao.

Mwaka 1837 mwalimu wa shule ya hapo, Patrick McKye, alimwandikia mwakilishi wa Mfalme wa Uingereza mjini Dublin akiwaombea watu wake msaada. Barua hiyo ni orodha ya mali ya parokia nzima, yenye maelfu ya watu: mkokoteni 1, plau 1, viti 93, vitanda vya manyoya 2, na saa ya ukutani hakuna hata moja. Mimi huwasomea wanafunzi tarakimu hizo polepole. Watu hao waliomiliki mkokoteni mmoja walikuwa na lugha yenye maandishi ya kale kuliko Kiingereza cha Chaucer kwa karne kadhaa. Umaskini wa mfuko na umaskini wa lugha ni mambo mawili mbalimbali, ingawa wenye nguvu hupenda kuyachanganya.

Mwaka uliofuata, 1838, kabaila mmoja aliyeitwa Lord George Hill alianza kununua ardhi ya Gaoth Dobhair. Hakuwa mtu wa ovyo. Alijua kuzungumza Kiayalandi, akajenga bandari na ghala An Bun Beag, na hoteli kwa ajili ya wageni. Lakini alivunja mfumo wa kale wa kumiliki ardhi. Hapo awali jamaa na majirani walishirikiana mashamba, kila mmoja akiwa na vipande vidogo hapa na pale, ili ardhi nzuri na mbaya igawanywe kwa haki. Hill alikata upya mashamba, akamlazimu kila mpangaji kuishi katika kipande chake, na malisho ya mlimani yaliyokuwa ya wote yakaondolewa mikononi mwao. Mwaka 1845 akatoa kitabu cha kusimulia mafanikio yake. Lugha ya watu aliijua; maisha yao aliyaandika kwa Kiingereza, ili yasomwe na Waingereza.

Mwaka huohuo wa 1845 ukungu uliingia katika viazi vya Ayalandi, na njaa ikaendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1850. Takribani watu milioni 1 walikufa na wengine zaidi ya milioni 1 wakahama. Njaa hiyo ilizikumba hasa sehemu maskini, na hizo ndizo zilizozungumza Kiayalandi. Katika sensa ya mwaka 1851 waliojua lugha hiyo walikuwa wamebaki kama milioni 1.5, yaani chini ya robo ya taifa.

Gaoth Dobhair ilibaki na lugha yake, na ilibaki pia na ugomvi wake. Katika miaka ya 1850 makabaila walikodisha milima kwa wafugaji wa kondoo kutoka Uskoti. Kondoo wakaanza kutoweka, serikali ikaleta polisi na kuwatoza wanakijiji gharama, na mwaka 1858 kamati ya Bunge la Uingereza ikaketi kuchunguza dhiki ya watu hao. Baadaye akatokea Padri James McFadden, aliyewaongoza wapangaji kukataa kodi za dhuluma, akafungwa jela kwa sababu hiyo mwaka 1888. Tarehe 3 Februari 1889 Inspekta William Martin wa polisi alijaribu kumkamata padri huyo nje ya kanisa la Doirí Beaga mara tu baada ya misa. Waumini waliona mchungaji wao akishikwa. Inspekta alipigwa hadi akafa. Simsifu muuaji. Nataja kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jamii iliyofungamana kiasi kwamba kumgusa mmoja ni kuwagusa wote. Lugha hukaa katika mfungamano wa namna hiyo.

Swali la mwanaisimu ni hili: kwa nini Kiayalandi kilikufa katika sehemu kubwa ya nchi na kikasalia hapa? Shule haikukisaidia. Katika sehemu nyingi za Ayalandi mtoto alivishwa shingoni kijiti, na kila aliponena neno la Kiayalandi kijiti kilitiwa chale. Jioni chale zilihesabiwa na viboko vikafuata. Wazazi wenyewe walishiriki katika jambo hilo, kwa kuwa waliona mwana wao ataenda Marekani, na huko Kiingereza ndicho mkate.

Mimi naamini Gaoth Dobhair iliokolewa kwa sehemu na namna watu wake walivyohamahama. Wengi walikwenda Uskoti kila mwaka kuvuna viazi, wakiwa makundi ya ndugu na majirani, kisha wakarudi na fedha za kulipia kodi na deni la duka. Walikwenda pamoja, wakazungumza lugha yao shambani, wakarudi nayo. Msafara wa kurudi haukati ulimi kama msafara wa kwenda moja kwa moja. Tena hapakuwa na utajiri wa kumvutia mgeni kuja kukaa. Kwa maneno mengine, kilichoilinda lugha kilikuwa umaskini na umbali, wala si sera ya mtu yeyote.

Hapa ndipo mwanafunzi mmoja aliponiuliza swali ambalo limenisumbua hadi leo: "Mwalimu, je, yatupasa kubaki maskini ili lugha zetu ziishi?"

Jibu langu ni hapana. Hakuna aliye na haki ya kumwambia mama wa Gaoth Dobhair akae bila saa na bila kiti ili maprofesa wapate lugha ya kuchunguza. Lakini swali hilo lataka jibu refu zaidi, na historia ya kijiji hicho baada ya uhuru yatupa sehemu ya jibu.

Taifa huru la Ayalandi lilikipa Kiayalandi heshima zote. Katiba ya mwaka 1937, ibara ya 8, inakitaja kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza. Hufunzwa shuleni kote. Tangu mwaka 2007 ni lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya. Hata hivyo, sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba kati ya watu 1,873,997 waliosema wanakijua, waliokizungumza kila siku nje ya shule walikuwa 71,968 tu. Katika maeneo yanayotambuliwa na serikali kuwa ya Kiayalandi, ambayo Gaoth Dobhair ni miongoni mwa ngome zake kuu, waliokitumia hivyo walikuwa 20,261 kati ya wakazi zaidi ya laki moja. Wasomi waliochunguza maeneo hayo walionya mwaka 2007 kwamba, mambo yasipobadilika, Kiayalandi hakingedumu kuwa lugha kuu ya jamii na nyumba hata katika ngome hizo kwa zaidi ya miaka 15 hadi 20. Muda huo ndio huu tunaouishi.

Si kwamba hakuna kilichofanywa. Serikali ilijenga eneo la viwanda Gaoth Dobhair, na waliokuwa Uskoti wakapata sababu ya kurejea. Lakini ajira hiyo ilikuja na upande wake wa pili: mashine na maagizo yalitoka nje, na baadhi ya waliorejea walikuja na wake, waume na watoto waliolelewa kwa Kiingereza. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wasema wahenga. Lakini mwenyeji mwenye adabu humgeukia mgeni kwa lugha ya mgeni, na mezani penye watu tisa wanaojua Kiayalandi na mmoja asiyekijua, mazungumzo huwa ya Kiingereza. Hivyo ndivyo lugha inavyokufa siku hizi: kwa upole, bila kijiti wala kiboko.

Kilichofaulu zaidi ni kazi iliyofanywa ndani ya lugha yenyewe. Mwaka 1972 ilianzishwa Raidió na Gaeltachta, ikawa na studio Doirí Beaga, na kwa mara ya kwanza mtu wa kijiji akasikia habari za samaki, mazishi na siasa kwa lafudhi yake. Na mwaka 1970 ndugu wa familia ya Brennan, pamoja na wajomba zao, waliunda bendi ya Clannad papo hapo Gaoth Dobhair. Mwaka 1982 wimbo wao wenye maneno ya Kiayalandi ulifika nafasi ya 5 katika chati za Uingereza. Dada yao Enya alikuja kujulikana dunia nzima. Vijana waliona kwamba lugha ya nyanya inaweza pia kulipa.

Lakini redio na muziki havimpi kijana nyumba. Leo kilio kikubwa katika maeneo hayo ni makao: nyumba za likizo hununuliwa na wenye fedha kutoka mijini, bei hupanda, na kijana aliyelelewa kwa Kiayalandi hupanga chumba Dublin au Glasgow, akalea wanawe kwa Kiingereza. Ofisa wa mipango anayeamua nani ajenge wapi anaamua pia lugha gani itasemwa jikoni miaka 30 ijayo, ajue asijue. Ndiyo maana nasema sera ya lugha isiyogusa ardhi, nyumba na ajira ni pambo tu.

Nirudi kwetu. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, imekitawaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na imeiamuru serikali kuzikuza na kuzilinda lugha nyingine za wananchi. Ni maneno mazuri, kama yale ya Ayalandi ya mwaka 1937. Mimi mwenyewe nilivalishwa kibao shingoni nikiwa mtoto wa shule kwa kusema lugha ya mama yangu, na niliposoma habari za kijiti cha Ayalandi nilikitambua mara moja. Kibao hicho sasa kimekwisha katika shule nyingi. Ila kijana anayetafuta kazi bado hujaza fomu ya Kiingereza, mgonjwa bado hupewa maelezo ya dawa asiyoweza kuyasoma, na mzazi wa mjini bado huona fahari mwanawe asipojua kumjibu bibi yake.

Tuna bahati moja ambayo Gaoth Dobhair haina: Kiswahili chetu kina mamilioni ya watu na soko linalovuka mipaka. Lugha zetu ndogo hazina bahati hiyo. Basi wizara na kaunti zianze na mambo madogo yanayogusa tumbo: fomu, dawa, hukumu, mashauri ya ardhi na nafasi za kazi, vyote kwa lugha ambayo mwananchi anaimudu. Nasi wazazi tufanye letu jikoni. Waayalandi wametuonyesha kwamba taifa linaweza kuipenda lugha yake kwa dhati, likaiandika katika katiba, na bado likashindwa kuizungumza.