Majina ya Koo Zetu Yametoka Wapi?



Juma hili tuzungumze juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu anacho, naye hukibeba tangu ubatizo hata kaburini, walakini ni wachache waulizao kilikotoka. Kitu hicho ni jina la ukoo.

Sababu ya kulichagua neno hili ni matangazo ya ndoa. Mara nyingi yanaposomwa kanisani, ikiwa bwana arusi na bibi arusi wana jina moja la ukoo, minong'ono huanza kabla Misa haijaisha. Mmoja ni Massawe wa Rombo, mwenziwe ni Massawe wa Kibosho. Shangazi anasema, "Hawa ni ndugu, ndoa hii ni mwiko." Mjomba anasema, "La, hawa hawajuani kabisa." Bibi mzee nyumbani anaapa kwamba hatapika mbege ya arusi hiyo. Na vijana wenyewe wanakaa katikati wakitazama chini, hawajui waseme nini, kwa maana hawakufundishwa.

Basi, nani ana haki? Hatuwezi kujibu mpaka tujue majina yalivyozaliwa na jinsi yalivyosambaa mlimani.

Tuanze na mlima wenyewe. Johannes Rebmann alipofika mwaka 1848 alimkuta Mangi Masaki huko Kilema, na katika safari yake iliyofuata alimkuta Mangi Mamkinga huko Machame. Hakukuta nchi moja ya Wachaga. Alikuta nchi ndogo ndogo, kila moja na mangi wake, zikitengwa na makorongo ya mito. Ndani ya kila nchi zilikaa koo, na kila ukoo ulikuwa na vihamba vyake, makaburi ya wazee wake, na mara nyingi mfongo wake wa maji uliochimbwa na babu zake. Ukimwuliza mtu wa siku zile yeye ni nani, alitaja nchi yake na ukoo wake. Jina la Mchaga, likijumlisha watu wote wa mlima, lilikuja kupata nguvu baadaye.

Wala koo hizo hazikutoka mahali pamoja. Wazee wa koo mbalimbali husimulia asili mbalimbali: wengine Ukamba, wengine Taita, wengine Usambara na Upare, wengine Umasai. Kwa hiyo watu wawili waliopakana kwa mstari wa masale tu wanaweza kuwa na babu waliotoka pande mbili za dunia. Na watu wawili walio mbali, mmoja magharibi ya mlima na mmoja mashariki, wanaweza kuwa na babu mmoja.

Hata leo majina yanatuonyesha njia kidogo. Ukisikia Shirima, Tarimo, Kavishe au Silayo, wengi watakisia mara moja kwamba mtu huyo kwao ni Rombo. Ukisikia Swai, Nkya, Lema au Munisi, watataja Machame. Ukisikia Mtui, watataja Marangu, na wenye kupenda habari za kale watamkumbuka Nathaniel Mtui, mwalimu wa huko aliyeandika habari za wazee na mamangi kabla hazijapotea. Lakini Mallya utamkuta Kibosho, na utamkuta Rombo vilevile. Mushi yuko Kibosho na yuko Machame. Lyimo yuko Marangu, na yuko Rombo. Na Massawe yuko karibu kila mahali. Sasa jina moja laweza kukaaje mahali pengi namna hii? Ziko njia kadhaa, na kila moja ina maana yake kwa vijana wetu wanaotaka kuoana.

Njia ya kwanza ni urithi wa kihamba. Mnajua desturi yetu: mzaliwa wa kwanza hupewa sehemu yake na baba, na kitinda mimba hubaki katika nyumba ya wazazi ili awatunze. Na hao wa katikati je? Mara nyingi waliambiwa wakatafute. Zamani pori lilikuwapo bado, basi kijana alivuka korongo, akaomba ardhi kwa mangi mwingine, akapanda migomba yake na masale yake. Alilichukua jina la ukoo wake kama mtu achukuavyo kaa la moto kwenda kuwasha jiko jipya. Watu wa namna hii ni damu moja kweli, hata kama sasa vimepita vizazi sita.

Njia ya pili ni vita. Katika karne ya 19 mamangi wetu walipigana sana. Rindi wa Moshi, ambaye jina lake jingine, Mandara, limeandikwa leo katika kituo cha kwanza cha wapanda mlima wa njia ya Marangu, na Sina wa Kibosho walinyang'anyana ng'ombe na watu kwa miaka mingi. Waliotekwa na waliokimbia walipokelewa katika koo nyingine. Mkimbizi aliyepewa kihamba na ulinzi aliweza kuhesabiwa kuwa mtoto wa ukoo uliompokea, na wajukuu wake wakaitwa kwa jina lile. Hao wana jina moja na wenyeji wao, lakini damu ni nyingine.

Msidhani mambo hayo yalitokea kwetu tu. Huko Uskoti, nchi ya milima iliyo kaskazini ya Uingereza, watu nao walikaa kwa koo, na majina yao mengi huanza na neno Mac, maana yake mwana wa. Watu wanyonge waliokaa chini ya mkuu wa ukoo walilichukua jina lake ili wapate ulinzi, ingawa hawakuwa wa damu yake. Kinyume chake pia kilitokea. Mwaka 1603 serikali iliupiga marufuku ukoo wa MacGregor kutumia jina lake. Watu wakalazimika kujiita majina mengine ili waishi, na marufuku hiyo haikuondolewa kabisa hata mwaka 1774. Basi huko nako wapo ndugu wenye majina mbalimbali, na wapo wasio ndugu wenye jina moja.

Njia ya tatu ni kalamu, na hii naijua vizuri kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misioni ya Kilema mwaka 1891, Kibosho mwaka 1893, na Rombo mwaka 1898. Walikuja na kitabu cha ubatizo. Mtu aliyekuja na jina lake la nyumbani alipewa jina la mtakatifu, kisha karani akauliza, "Baba yako ni nani?" Mmoja alitaja jina la ukoo. Mwingine alitaja jina la baba mzazi tu, kwa kuwa ndilo aliloulizwa. Likaandikwa, na lililoandikwa likadumu. Ndiyo maana leo wako watu ambao jina lao la mwisho si jina la ukoo hata kidogo, bali ni jina la babu mmoja. Mfano ulio wazi ni Marealle. Huyo alikuwa Mangi wa Marangu wakati wa Wajerumani. Wajukuu wake wakalitumia jina lake kama jina la jamaa, naye Thomas Marealle, aliyechaguliwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachaga mwaka 1951, ni mmoja wa wajukuu hao. Ndivyo jina jipya lilivyozaliwa mbele ya macho ya watu.

Kalamu ilifanya na jambo jingine: ilibadili tahajia. Waandishi wa kwanza walikuwa Wafaransa na Wajerumani. Katika Kijerumani, herufi s ikikaa peke yake kati ya vokali husomwa kama z. Ukitaka isomwe s huna budi kuandika mbili. Inaelekea ndiko zilikotoka s mbili za Massawe, Urassa, Assey na Kessy. Baadaye wengine wakaandika Masawe kwa s moja, kama Kiswahili kinavyotaka. Ni jina lile lile. Lakini mtoto mwenye cheti cha ubatizo chenye s mbili na cheti cha shule chenye s moja hupata taabu kubwa siku anapotafuta kazi au kitambulisho. Nawaomba wazazi: chagueni tahajia moja, mwitumie nyumba nzima, tena mwikague kabla ya kuondoka ofisini.

Sasa turudi kwa vijana wetu wawili.

Kanisa haliangalii jina, linaangalia damu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1091, inakataza ndoa ya watu wa mstari wa moja kwa moja, yaani mzazi na mtoto, babu na mjukuu, hata uende mbali kiasi gani. Kwa ndugu wa upande, inakataza mpaka daraja ya nne. Kuhesabu ni rahisi: panda kutoka kwa mmoja hadi kwa mzazi au babu wa wote wawili, kisha shuka hadi kwa mwingine, ukihesabu kila mtu ila babu yule wa juu. Kaka na dada ni daraja ya pili. Baba mdogo na binti wa ndugu yake ni ya tatu. Watoto wa ndugu wawili ni ya nne. Kama babu wa pamoja yuko vizazi sita juu, kizuizi hiki cha Kanisa hakipo.

Lakini desturi yetu ni kali kuliko hapo. Wazee wetu walikataza ndoa ndani ya ukoo mmoja hata kama babu yuko mbali sana, na walikuwa na sababu: waliulinda udugu usigeuke ugomvi, na waliunganisha koo mbalimbali kwa njia ya arusi. Desturi hiyo ni njema, nasi tuiheshimu. Tusiitumie tu pasipo kujua habari yenyewe. Kuvunja uchumba wa vijana wawili kwa sababu ya herufi zilizoandikwa katika cheti, pasipo kuwauliza wazee wa pande zote mbili, ni dhuluma. Na kuwaacha wakaoana watu wa damu ya karibu, kwa sababu mmoja anaitwa Massawe na mwingine alichukua jina la babu yake, ni hatari zaidi. Hapo jina halikupiga kelele yo yote, kumbe ndipo palipotakiwa kelele. Ajuaye kizuizi cha kweli amepaswa kumwambia Padre kabla ya siku ya arusi. Akinong'ona nje ya kanisa hajamsaidia mtu.

Liko tena jambo linalonitia wasiwasi kuliko hayo yote. Siku hizi vijana wengi wanaacha jina la ukoo, hasa mjini. Mtoto anaandikwa Yosefu Petro, na mwanawe ataandikwa Paulo Yosefu. Majina ya watakatifu ni mazuri, lakini katika vizazi vitatu nani atajua kwamba Paulo Yosefu wa Dar es Salaam na Maria Petro wa Arusha ni wajukuu wa nyumba moja ya Kibosho? Wazee walisema, mwacha asili ni mtumwa. Mimi naongeza: mwacha jina huwaachia wajukuu wake kazi ya kupapasa gizani.

Maandiko Matakatifu yenyewe yanaheshimu jambo hili. Mathayo na Luka waliona vema kutuandikia ukoo wa Bwana wetu. Mabinti wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakamwuliza kwa nini jina la baba yao lifutike kwa kuwa hakuzaa mwana, na Mungu akasema kwamba wana haki. Hapa nawasemesha wazazi wenye mabinti peke yao: wafundisheni hao habari za ukoo kama mngewafundisha wavulana. Mara nyingi binti ndiye anayekumbuka.

Na Yosefu alipotakiwa kuandikwa alifunga safari mpaka Bethlehemu, kwa sababu alikuwa wa nyumba ya Daudi. Sisi nasi kila Desemba hupanda mlima kutoka pande zote za nchi, mabasi yamejaa, kwenda kula Noeli kihambani. Basi Noeli ijayo, kabla nyama haijaisha, baba wa nyumba achukue daftari, akae na meku, yaani mzee wa ukoo, na bibi pia, aandike mambo haya:

Jina la ukoo, na tahajia yake. Majina ya baba, babu na baba wa babu, kadiri wanavyokumbuka. Mahali kilipo kihamba cha asili, na mfongo uliokinywesha. Kama ukoo ulihamia hapo, ulitoka wapi, kwa kutafuta ardhi au kwa kukimbia vita. Ukoo wa mama, na wa bibi zote mbili, kwa maana damu haipiti kwa baba peke yake. Na mwisho, parokia ambamo kila mmoja alibatizwa, ili karani apate pa kufungua.

Ukurasa mmoja au mbili zatosha. Daftari hilo liwekwe pamoja na vyeti, na nakala moja apewe kila mtoto anayekwenda mbali. Siku posa itakapoletwa, wazee wa pande mbili watafungua madaftari yao mezani, na vijana watajua kweli yao siku ile ile, kabla moyo haujafungwa na kabla mbege haijapikwa.

Haya, nawatakia Dominika njema. Tuonane juma lijalo.

Ndugu yenu katika Kristu,
Karani wa Parokia